Antena nne, matundu mawili: namna ya kuchagua jozi inayoifaa ruta yako ya 4G

Fundi akiitwa kwenye nyumba ambayo intaneti inasumbua, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Antena gani ina nguvu zaidi?" Kwa redio ya zamani yenye antena moja swali hilo lingetosha kabisa. Kwa ruta ya 4G halitoshi. Ruta hiyo inasikiliza kwa antena mbili kwa wakati mmoja, na kila moja inatakiwa ilete habari ambayo mwenzake hana. Ukichomeka mbili zenye nguvu zinazosikia kitu kilekile, umenunua mbili ukapata moja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ruta yenye matundu mawili ya antena za nje, na ambaye anaweza kujaribu antena zaidi ya mbili, au kuzijaribu mbili alizonazo mahali tofauti juu ya paa. Huhitaji shahada. Unahitaji ngazi, daftari, uvumilivu wa nusu siku, na hesabu ya kuzidisha na kutoa.

Nitaufuata kwa kazi moja niliyoifanya milimani Lushoto. Nyumba iko bondeni, mnara uko ng'ambo juu ya mgongo wa mlima, na ukungu ukishainuka asubuhi mnara huo unauona kwa macho. Mwenye nyumba ni mama anayeuza miche ya matunda, na wateja wake wengi wanataka kuiona kwa video kabla ya kutuma pesa. Alikuwa ameshanunua antena mbili ndefu, zile zenye vijiti kama mifupa ya samaki. Zote mbili zilifungwa kwenye nguzo moja, zimesimama wima, zimeelekezwa mnarani, kama shubiri moja kati yao.

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu, "hizi zimenila hela ya miche mia mbili, na video bado inazunguka tu."

"Pole sana mama. Hazijaharibika. Ngoja nipande nizitazame."

Hatua ya 1: jua hasa unachokichagua

Mnara wa 4G kwa kawaida hautumi mkondo mmoja wa data. Hutuma angalau miwili kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale, kwa antena mbili zilizokaa mshazari kama herufi X: moja imeinamia kulia kwa nyuzi 45, nyingine kushoto kwa nyuzi 45. Mikondo hiyo hufika kwako ikiwa imechanganyikana. Ruta hupokea mchanganyiko mmoja kwa antena ya kwanza, mchanganyiko mwingine kwa antena ya pili, kisha hukokotoa na kuitenganisha. Huo ndio mfumo unaoitwa MIMO, na miaka ya 1990 Emre Telatar na Gerard Foschini, wote wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa mawasiliano ya Marekani, walionyesha kihesabu kwamba kwa njia hiyo data inayopita huongezeka kadiri antena zinavyoongezeka pande zote mbili, bila kuongeza masafa hata kidogo.

Sharti lake ni moja. Michanganyiko miwili lazima itofautiane. Fikiria mashahidi wawili wa ajali barabarani. Kama walikuwa wamesimama dirisha moja, ushahidi wa pili hauongezi kitu hata kama macho yao ni makali. Shahidi wa tatu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, hata kama haoni vizuri sana, anaweza kukueleza kilichokuwa nyuma ya lori.

Sasa, kwa nini usichomeke antena zote nne yakaisha? Kwa sababu antena yenyewe ni chuma tu na ni rahisi. Kilicho ghali ni mtambo wa redio ulio nyuma ya kila tundu: kikuza mawimbi, vichujio, na kile kigeuzi kinachoyafanya mawimbi kuwa tarakimu. Mitambo hiyo hula umeme na pesa. Ndiyo maana wahandisi huweka antena nyingi na mitambo michache, kisha wakaweka swichi ya kuchagua. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n cha mwaka 2009 kina utaratibu rasmi wa kuchagua antena, na 4G tangu toleo lake la kwanza iliruhusu simu ichague antena ya kutumia wakati wa kutuma.

Na uchaguzi huo una faida kubwa kuliko unavyodhani. Mawimbi hudidimia ghafla mahali fulani na kupanda sentimita chache pembeni. Ukiwa na antena nne na uhuru wa kuchagua, unakwama pale tu zote nne zinapodidimia kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra. Kinga hiyo unaipata karibu yote ingawa mitambo ni miwili tu.

Hatua ya 2: pima kabla hujagusa kitu

Fungua ukurasa wa ruta kwenye simu au kompyuta, utafute sehemu ya hali ya mtandao. Andika mambo matatu: RSRP, SINR na bendi inayotumika, yaani kundi la masafa kama 800 au 1800 MHz.

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara wako yanayokufikia. Husomwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kwa kawaida huwa hasi. Ikiwa -80 au karibu zaidi na sifuri, una nguvu ya kutosha. -100 ni wastani. Ikivuka -110 kwenda chini, unadokoa. SINR ni tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na kelele pamoja na minara mingine inayoingilia. Juu ya 20 ni nzuri sana, kati ya 10 na 20 unaweza kufanya kazi bila wasiwasi, karibu na sifuri ni shida.

Watu wengi huishia kwenye RSRP, kwa sababu ndiyo inayochora vile vijiti vya mtandao. Nakusihi uitazame SINR kwanza, maana ndiyo itakayokuambia baadaye uchague kwa nguvu au uchague kwa tofauti. Kwa yule mama RSRP ilikuwa -81 na SINR 19. Mtu yeyote angesema hapa hakuna tatizo. Lakini spidi ilikuwa haipandi zaidi ya mega 14 (megabiti kwa sekunde), hata alfajiri mnara ukiwa mtupu.

Nambari nzuri, spidi mbovu, saa ambayo hakuna msongamano: ukikuta mambo hayo matatu pamoja, anza kushuku kwamba antena zako mbili zinasikia kitu kimoja.

Hatua ya 3: waya kwanza, antena baadaye

Hapa nitakwenda haraka, ila usiiruke. Mita 10 za waya mwembamba wa RG58, kwenye masafa ya 1800 MHz, hupoteza desibeli 7 hivi au zaidi. Maana yake, katika sehemu tano za nguvu iliyokamatwa juu ya paa, inayofika kwenye ruta haizidi moja. Mita hizohizo za waya mnene wa aina ya LMR-400 hupoteza kama desibeli 2. Antena ya bei kubwa kwenye waya mwembamba mrefu ni hasara. Mara nyingi ni bora kuisogeza ruta karibu na dari kuliko kurefusha waya.

Waya wa televisheni ni wa ohmu 75, wakati vifaa hivi ni vya ohmu 50. Hasara ya tofauti hiyo peke yake ni ndogo. Kinacholeta taabu ni vile viunganishi vya kubandikabandika ambavyo hulegea na kuingiza maji. Angalia pia ncha: ruta nyingi za 4G hutumia kiunganishi cha kukaza kiitwacho SMA, na antena nyingi za Wi-Fi huja na RP-SMA, ambayo hujifunga vizuri kabisa kwenye uzi wa nje huku sindano ya katikati haipo. Unakaza, unaridhika, na hakuna kilichounganishwa. Chungulia katikati kabla ya kukaza.

Waya zote unazozifanyia majaribio ziwe za urefu mmoja na aina moja. La sivyo utakuwa unalinganisha waya badala ya antena.

Hatua ya 4: simamisha wagombea

Zipe antena majina kwa mkanda wa karatasi: A, B, C, D. Andika jina kwenye ncha ya waya pia, maana ukishashuka kwenye ngazi waya zote nyeusi zinafanana.

Wagombea watofautiane kwa umbali, kwa mkao, au kwa upande zinakotazama. Umbali hupimwa kwa urefu wa wimbi. Kwenye 800 MHz wimbi lina sentimita 37 hivi, kwenye 1800 MHz kama 17, kwenye 2600 MHz kama 11 na nusu. Ndani ya nyumba, au mjini ambako mawimbi hukujia kutoka kila upande yakigonga kuta na mabati, nusu ya wimbi hutosha kuzifanya antena mbili zisikie tofauti: sentimita 8 au 9 kwenye 1800, kama 19 kwenye 800.

Lakini ukiwa unauona mnara kwa macho, hesabu hiyo haikusaidii. Mawimbi yote yanakuja kutoka upande mmoja, na antena mbili zinazofanana, hata ukizitenganisha mita nzima, zitasikia mchanganyiko uleule. Hapo mkombozi ni mkao. Moja isimame wima, nyingine ilale. Au moja iiname kulia na nyingine kushoto. Msalaba wa kujumlisha na msalaba wa X vyote vinafaa, ilimradi kati yao kuna nyuzi 90. Antena iliyosimama wima hukusanya mikondo yote miwili ya mnara na kuijumlisha. Iliyolala hukusanya hiyohiyo miwili lakini mmoja ukiwa umegeuzwa. Kutoka kwenye jumla na tofauti, ruta inaipata mikondo yote, kama unavyoweza kupata nambari mbili ukiambiwa jumla yake na tofauti yake.

Nilipopanda juu ya lile bati na kuziona zile antena mbili zimesimama sambamba kama askari, tatizo lilikuwa mbele ya macho yangu. Hata hivyo sikuzigusa. Niliziita A na B zikiwa vilevile. Nikaongeza C, antena yangu ya aina ileile, nikailaza kwenye nguzo hiyohiyo chini kidogo. D ilikuwa kile kijiti kilichokuja na ruta, nikakiweka dirishani. Ukibadilisha kitu kabla ya kukipima, hutajua kamwe ni nini kilichokusaidia.

Hatua ya 5: jaribu jozi zote sita

Antena nne kwa matundu mawili zinatoa jozi sita: AB, AC, AD, BC, BD, CD. Sita si nyingi. Zijaribu zote, usiache hata ile unayoidharau.

Kabla ya kwenda kwenye ruta, nataka uone kwa hesabu kwa nini nguvu peke yake inadanganya. Nambari hizi nimezipanga mwenyewe ziwe nyepesi. Kwa kila antena, nambari ya kwanza ni kiasi inachosikia mkondo wa kwanza, ya pili ni mkondo wa pili. Alama ya kutoa maana yake wimbi limefika likiwa limegeuka.

A: 3 na 2
B: 3 na 1
C: 1 na -2
D: 1 na 0

Nguvu ya antena ni jumla ya vipeo vya pili. A ni 9 + 4 = 13. B ni 9 + 1 = 10. C ni 1 + 4 = 5. D ni 1. Kwa hiyo anayechagua kwa nguvu atachukua A na B bila kusita.

Sasa tafuta mfanano wa jozi: zidisha nambari za kwanza, zidisha za pili, jumlisha. A na B: 3×3 + 2×1 = 11. A na C: 3×1 + 2×(-2) = -1. Kisha weka kila kitu pamoja hivi: ongeza 1 kwenye nguvu ya kila antena, zidisha hizo mbili, halafu toa kipeo cha pili cha mfanano.

AB: 14 × 11 − 121 = 33
AC: 14 × 6 − 1 = 83
BC: 11 × 6 − 1 = 65
AD: 14 × 2 − 9 = 19
BD: 11 × 2 − 9 = 13
CD: 6 × 2 − 1 = 11

Ukichukua logi ya kila jibu kwa kizio cha 2, unapata biti zinazoweza kupita kwa sekunde kwa kila hezi moja ya masafa. AB inatoa 5.0. AC inatoa 6.4. Kwenye upana wa 10 MHz hiyo ni sawa na kutoka mega 50 hadi 64, kwa hesabu ya kikomo cha juu. Na tazama BC: inatoa 6.0. Umeiacha antena yenye nguvu kuliko zote juu ya bati haijachomekwa popote, na bado umeishinda ile jozi ya wababe wawili. Mimi mwenyewe nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Ukizitumia zote nne kwa pamoja, jibu ni 161, yaani biti 7.3. Kwa hiyo jozi moja iliyochaguliwa vizuri inakupa karibu asilimia 87 ya zote nne, kwa nusu ya mitambo.

Katika uhalisia kila nambari ina pia pembe yake, si ukubwa tu na alama, na ruta ya nyumbani haikuonyeshi nambari hizo. Mhandisi mwenye vifaa anazisoma. Wewe unazikisia kwa matokeo. Fanya hivi:

Zima ruta kabla ya kubadilisha waya. Chomeka jozi, washa, subiri dakika mbili itulie kwenye bendi moja. Kama ruta yako inaruhusu kufunga bendi, ifunge, kwa sababu jozi bora kwenye 800 inaweza isiwe bora kwenye 1800, na ruta ikihama katikati ya jaribio matokeo yako yote yanakuwa takataka. Kama ina mpangilio wa kuchagua antena za ndani au za nje, uweke kwenye za nje, usiiachie ijiamulie.

Pima spidi mara tatu, ukaandike ya katikati, si kubwa kuliko zote. Andika na SINR. Kama ruta inaonyesha idadi ya mikondo inayopokelewa, hiyo ni dhahabu: 1 maana yake antena zako zinafanana mno au kelele imezidi, 2 maana yake zinafanya kazi mbili kweli.

Halafu jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mnara una watumiaji wengine, na spidi hubadilika kila saa kwa sababu yao. Kwa hiyo usipime AB saa kumi na moja alfajiri na AC saa mbili asubuhi ukadhani umelinganisha antena. Rudia jozi ya kwanza kila baada ya jozi mbili: AB, AC, BC, AB tena, AD, BD, AB tena, CD, na ufunge kwa AB. Kama AB inabaki palepale, mizani yako ni ya haki. Kama imeporomoka, acha, unywe chai, uanze upya msongamano ukipungua.

Hatua ya 6: ipi iingie tundu lipi

Jozi ikishapatikana, kazi haijaisha, maana AC si sawa na CA. Kwenye ruta nyingi za 4G zenye matundu mawili, yote mawili hupokea lakini moja tu ndilo linalotuma. Mara nyingi limeandikwa neno la kuonyesha kwamba ni kuu, au namba 1. Antena yenye nguvu zaidi katika jozi iingie hapo, kwa sababu mnara unasikia sauti yako kupitia tundu hilo pekee, na ruta yako inatuma kwa nguvu ndogo sana ukilinganisha na mnara.

Kama matundu hayana maandishi, geuza waya na upime spidi ya kupandisha data. Upande mmoja utakuwa bora kwa wazi. Kwa mtu anayetuma video kwa wateja, hatua hii ndogo huenda ikamfaa kuliko zote zilizotangulia.

Hatua ya 7: kama mawimbi ni hafifu, geuza kanuni

Niliyoyasema hadi hapa ni ya nyumba yenye SINR nzuri. Sasa chukua zile antena nne nilizozifanyia hesabu, uzipeleke mbali na mnara hadi nguvu zote zipungue mara 20, sawa na desibeli 13. Nguvu ya A inakuwa 0.65, B 0.5, C 0.25. Mfanano wa A na B unakuwa 0.55, wa A na C -0.05.

AB: 1.65 × 1.5 − 0.3025 = 2.17
AC: 1.65 × 1.25 − 0.0025 = 2.06

Wababe wameshinda. Biti ni chache, kama 1.1 kwa AB na 1.0 kwa AC, lakini mpangilio umegeuka kabisa. Sababu yake inaeleweka: ukiwa gizani, hujali mashahidi wamesimama dirisha gani, unataka tu mtu aliyeona chochote, na wawili waliosikia jambo moja wanakusaidia kulithibitisha. Ruta nayo hapo inaacha kutenganisha mikondo na kujumlisha sauti za antena zote mbili ili isikie mkondo mmoja vizuri.

Kwa mazoea yangu, SINR ikiwa chini ya 5 nachagua kwa nguvu: antena zote mbili zielekee mnarani, juu kadiri inavyowezekana, waya mfupi. Juu ya 12 nachagua kwa tofauti. Kati ya hapo sina imani na kanuni yoyote, napima jozi zote. Na hata kwenye mawimbi hafifu naziacha zikiwa zimekaa msalaba, kwa sababu mvua ikikata au minara mingine inayoingilia ikipungukiwa na watumiaji SINR hupanda, na mkao huo ukiwapo tayari ruta inaweza kurudi kwenye mikondo miwili yenyewe.

Ukiwa na wagombea wengi zaidi

Antena nane kwa matundu mawili ni jozi 28. Bado inawezekana, ila utachoka. Njia ya mkato ni hii: jaribu zote nane moja moja kwenye tundu kuu, chagua iliyo bora, iache hapo, kisha zungusha saba zilizobaki kwenye tundu la pili. Majaribio 15 badala ya 28. Kwenye mfano wetu njia hiyo ingeanza na A na kuishia AC, jibu lilelile. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini hukosea kidogo.

Wahandisi wa minara wanaihitaji njia hiyo kuliko sisi. Kuchagua antena 16 kati ya 64 kuna michanganyiko zaidi ya trilioni 488, na hakuna kompyuta itakayoijaribu yote kabla mawimbi hayajabadilika. Kwenye 1800 MHz nusu ya wimbi ni sentimita 8 hivi. Mtu anayetembea huipita chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa huipita kwa muda usiofika milisekunde 4. Simu iliyo mkononi mwa abiria inapaswa kuchagua ndani ya muda huo, tena na tena. Wewe juu ya paa una bahati: nyumba haitembei, na chaguo lako linaweza kudumu miezi.

Kufunga

Nguzo iunganishwe ardhini kwa waya mnene kwa ajili ya radi, na usipande bati likiwa limelowa. Viunganishi vya nje vifunikwe kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, ukivutwa kuanzia chini kwenda juu ili tabaka zipishane kama vigae na maji yateleze. Waya ufanye kitanzi kidogo chini ya kiunganishi kabla ya kuingia ndani, matone yaangukie hapo. Piga picha ya mkao wa kila antena, na uandike nambari za siku hiyo kwenye karatasi uibandike nyuma ya ruta. Pima upya mvua za masika zikianza: migomba na miti iliyoshiba majani na maji hula mawimbi kwa kiasi ambacho hutakiamini mpaka ukione.

Kule Lushoto daftari lilisema AC, na BC ikafuata kwa karibu. AB ilikuwa ya tatu, mbali. Hapo nikajiuliza C ina nini ambacho B haina. Ni antena aina moja, kiwanda kimoja, nguzo moja. Tofauti yake ni kwamba imelala. Nikailegeza B, nikaigeuza nyuzi 90, nikaikaza. A kwenye tundu kuu, B kwenye la pili. RSRP ikasoma -82, yaani imeshuka kidogo. Spidi ikaenda mega 31.

Mama aliuliza ile antena ya tatu ni shilingi ngapi. Nilikuwa nimeshairudisha kwenye begi.

"Hiyo huihitaji mama. Mbili ulizonunua zinatosha."

Alimpigia mteja wake palepale, akatembea na simu hadi kwenye vitalu vya miche, akaanza kumwonyesha mche mmoja mmoja.